Baiti 64 za mji wa Sixty-Four: historia fupi ya BIOS

Leo sina msimbo wa kuwaonyesha wala programu mpya ya kuisifu. Nataka tuzungumzie ile skrini inayotokea ukibonyeza Del, F2 au F10 mara tu kompyuta inapowaka. Wengi huiogopa. Utasikia mtu akisema, "Usiguse huko, utaua mashine." Mimi nasema hivi: yeyote anayetumia kompyuta ya mtumba, na hapa Eldoret wengi wetu tunatumia za mtumba, hana budi kuifahamu skrini hiyo. Na njia nyepesi ya kuifahamu ni kujua ilikotoka.

Mji wetu, kama mjuavyo, bado huitwa Sixty-Four, na wenyeji wengi husema Sisibo. Jina hilo lilitokana na Shamba 64, mahali mji ulipoanzishwa mwaka 1910. Sasa sikilizeni sadfa hii: chipu iliyoanzisha mambo yote ya mipangilio ya BIOS ilikuwa na kumbukumbu ya baiti 64. Baiti 64 tu! Ujumbe mmoja wa simu hauingii humo. Lakini ndani ya nafasi hiyo ndogo ndimo kompyuta ilimojifunza kukumbuka saa, tarehe na maagizo ya mwenyewe.

Zamani za swichi

Neno BIOS lilitumiwa kwanza na Gary Kildall, Mmarekani aliyeandika mfumo endeshi wa CP/M katikati ya miaka ya 1970. Ni kifupi cha maneno yenye maana ya mfumo wa msingi wa kuingiza na kutoa. Wazo lake lilikuwa la busara sana. Sehemu ya programu inayozungumza na vifaa (kibodi, skrini, diski) itengwe peke yake, ili mtu akihamia mashine nyingine abadilishe sehemu hiyo tu na kuacha nyingine zote zilivyo. Sisi waandishi wa programu tunaifuata kanuni hiyo mpaka leo.

IBM walipotoa kompyuta yao ya PC tarehe 12 Agosti 1981, BIOS ilikuwa kilobaiti 8 zilizochomwa kwenye chipu ya ROM. Hapakuwa na menyu yoyote. Ukitaka kuiambia mashine ina kumbukumbu kiasi gani au ina disketi ngapi, ulifungua kasha na kusogeza swichi ndogo juu ya madabodi, yaani ule ubao mkuu wa kompyuta. Swichi zilikuwa kwenye vikundi viwili, kila kimoja nane. Saa hapakuwa nayo. Kila ulipowasha, DOS ilikuuliza leo ni tarehe ngapi, na usipojibu ilidhani ni 1 Januari 1980, kwa sababu kwa DOS dunia ilianza siku hiyo.

Jambo moja zuri la zama hizo: kila kitu kilikuwa wazi. IBM walichapisha msimbo wote wa BIOS katika kitabu chao cha kiufundi. Uliruhusiwa kuusoma, lakini hukuruhusiwa kuunakili. Compaq walipotaka kutengeneza mashine inayofanana nayo walitumia njia ya makundi mawili. Kundi la kwanza lilichunguza na kuandika BIOS inafanya nini. Kundi la pili, ambalo halikuwahi kuuona msimbo wa IBM, likaandika mpya kwa kufuata maelezo hayo. Mashine yao ilitangazwa Novemba 1982. Mwaka 1984 kampuni ya Phoenix ikaanza kuuza BIOS ya namna hiyo kwa mtengenezaji yeyote aliyetaka, na hapo ndipo kompyuta za kuiga zilipofurika duniani. Bila hatua hiyo, bei zingebaki za matajiri, na sisi huku tungesubiri sana.

Baiti 64

Agosti 1984 IBM walitoa mashine iliyoitwa AT. Ndani yake kulikuwa na chipu ya Motorola, MC146818. Hii ndiyo ya baiti 64. Kati ya hizo, 14 zilikuwa za saa, kalenda, kengele na udhibiti wake. Zilizobaki, 50, zilikuwa tupu, na IBM wakaamua kuandika humo maagizo: aina ya diski, kiasi cha kumbukumbu, aina ya skrini. Kwa kuwa chipu ilitengenezwa kwa teknolojia ya CMOS, ilikula umeme kidogo sana, hivyo betri ndogo iliweza kuilinda mashine ikizimwa. Ndiyo maana mpaka leo mafundi husema "betri ya CMOS".

Saa yenyewe huendeshwa na kioo kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Kwa nini nambari hiyo? Igawanye kwa mbili mara 15, utapata moja: pigo moja kwa sekunde. Hesabu za mfumo wa jozi, safi kabisa.

Lakini chipu itajuaje kama maagizo yaliyomo ni ya kweli au ni takataka iliyobaki betri ilipokufa? Walijumlisha baiti za maagizo na kuhifadhi jumla hiyo pembeni. Mashine ikiwaka, hujumlisha upya na kulinganisha. Zikitofautiana, hulalamika. Kwenye AT ulipata nambari 161 betri ikiisha, na 163 saa ikiwa haijawekwa. Siku hizi utaona maneno ya "CMOS checksum error", lakini maana yake ni ileile.

Kwenye AT mipangilio ilibadilishwa kwa disketi maalumu. Disketi ikipotea, pole sana. Kampuni kama AMI, Award na Phoenix ndizo zilizoieneza ile menyu iliyomo ndani ya ROM yenyewe, ile ya bluu tuliyokua nayo. Hapo ndipo mtu wa kawaida alipopewa funguo.

Mosoriot, na kwa nini tarehe si mchezo

Turudi nyumbani. Ukitoka Eldoret kuelekea Kapsabet utapita Mosoriot, kaunti ya Nandi. Kituo cha afya cha hapo kina nafasi katika historia ya kompyuta Afrika ambayo wengi wanaopita na matatu hawaijui. Februari 2001, Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani walianzisha hapo mfumo wa kuweka kumbukumbu za wagonjwa kwa kompyuta. Hifadhidata ilikuwa Microsoft Access. Katika miezi sita ziliingizwa rekodi 10,000 za ziara za wagonjwa 6,190, na muda wa mgonjwa kituoni ukapungua kwa asilimia 22.

Kilichonivutia zaidi kama mwandishi wa programu ni mambo mawili. Kwanza, waliweka njia zaidi ya moja za umeme, kwa kuwa walijua stima itapotea. Pili, mhudumu aliandika kwanza kwenye fomu ya karatasi, kisha karatasi ikaingizwa kwenye kompyuta.

Kutokana na kazi hiyo, na baada ya Burke Mamlin na Paul Biondich kufika Eldoret mwaka 2004, ukazaliwa mradi wa programu huria wa OpenMRS. Ulianza kutumika hapa Eldoret, katika mpango wa AMPATH, Februari 2006, kisha ukaenea nchi nyingi. Ndiyo, ndugu zangu, programu inayotumika katika hospitali za mabara kadhaa ilianza kazi kwenye mji wetu.

Ukifungua hifadhidata ya OpenMRS, jedwali la ziara lina tarehe mbili muhimu. Ya kwanza, encounter_datetime, ni siku mgonjwa alipoonwa. Ya pili, date_created, ni wakati rekodi ilipoingizwa. Ya kwanza hutoka kwa binadamu na karatasi yake. Ya pili hutoka kwenye saa ya mashine. Saa ya mashine ikidanganya, tarehe ya pili itaharibika, lakini ya kwanza itabaki salama. Fikiria mgonjwa anayemeza dawa za HIV kila siku, na daktari anayetaka kujua alikosa kliniki kwa majuma mangapi. Tarehe ikikosewa hapo, anayeumia ni mtu.

Kumbukeni pia hali ya miaka hiyo. Nyaya za baharini hazikuwa zimefika. SEACOM ilianza kazi Julai 2009. Mashine nyingi zilikaa bila intaneti, kwa hiyo hapakuwa na seva ya mbali ya kuisahihisha saa. Ukweli wote wa wakati ulitegemea betri moja bapa, CR2032. Jina lake lenyewe ni kipimo: upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2.

Kijana aliyeponea chupuchupu

Msidhani ni mambo ya hospitali tu. Niliwahi kuitwa na mama mmoja mwenye agroveti hapa mjini. Alikuwa karibu kumfukuza kijana wake wa dukani. Ripoti ya mauzo ya mwezi ilikuwa na mapengo: mbegu zimetoka, pesa hazionekani. Programu ya duka iliandikwa na mtu mwingine, simtaji.

Nilimwomba mama anipe dakika kumi kabla hajatamka neno. Nikatafuta rekodi zote, si za mwezi huo tu, na zile zilizopotea zikajitokeza: zote zimeandikwa Januari 2009. Kila jioni kijana alizima swichi ya ukutani, kama alivyoagizwa, ili kuokoa stima. Kompyuta ikichomekwa ukutani, saa hulindwa na umeme huo hata mashine ikiwa imezimwa. Ukizima ukutani, betri inabeba mzigo peke yake. Betri ilikuwa imekufa, hivyo kila asubuhi mashine iliamka mwaka 2009. Siku alizowahi mtu kurekebisha saa, mauzo yaliingia sawa. Siku zingine yalizama.

"Kwa hivyo huyu mtoto hakuiba?" mama aliniuliza.

"Hapana, mama. Hata shilingi."

Tulinunua betri isiyofikia bei ya kilo moja ya nyama. Tangu siku hiyo kila programu ninayoandika ina ukaguzi mmoja mwanzoni: ikiwa saa ya mashine iko nyuma ya rekodi ya mwisho iliyohifadhiwa, programu haikubali kuuza kitu mpaka mtu athibitishe tarehe. Ni mistari michache tu. Wenzangu waandishi wa programu, iwekeni.

Mipaka ya diski, na mwaka 2000

BIOS imewahi kutufunga macho kwa njia nyingine pia. Mpangilio wa zamani wa kuhesabu diski uliruhusu silinda 1,024, vichwa 16 na sekta 63. Zidisha, kisha zidisha tena kwa baiti 512 za kila sekta: unapata 528,482,304. Diski kubwa kuliko megabaiti 528 haikuonekana yote. Ndipo ukaja mpangilio wa LBA kwenye menyu, unaozihesabu sekta moja baada ya nyingine kama nyumba za mtaa. Baadaye kukawa na ukuta mwingine kwenye gigabaiti 8.4, na mwingine kwenye 137. Kila mara watu walidhani diski ni mbovu, kumbe anayehesabu ndiye aliyeishiwa vidole.

Na mwaka 2000? Ile chipu ya Motorola ilihifadhi tarakimu mbili tu za mwaka. Karne iliwekwa na BIOS kwenye baiti ya pembeni. Mashine ambazo BIOS yake haikuibadilisha baiti hiyo ziliambia DOS kwamba ni mwaka 1900, mwaka usiokuwepo katika kalenda ya DOS, na nyingi zikaangukia 4 Januari 1980. Dawa mara nyingi ilikuwa kuingia kwenye menyu na kuandika tarehe kwa mkono.

Kuikimbiza prosesa

Hapa kwetu, jirani na Iten, kukimbia hatufundishwi. Mwaka 1998 Intel walitoa Celeron 300A. Ilizidisha mapigo ya madabodi mara 4.5: 66 kwa 4.5 ni karibu megahezi 300. Vijana wakagundua kwamba ukipandisha mapigo ya madabodi hadi 100, unapata 450, na chipu nyingi zilivumilia. Mwanzoni kazi hiyo ilihitaji kuhamisha jampa kwenye ubao. Abit walikuwa wamekwisha kuileta ndani ya menyu kwa jina la SoftMenu, na wengine wakafuata.

Tahadhari moja kwa wa huku juu. Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi, karibu robo tatu na zaidi kidogo ya ile ya Mombasa. Feni inayozunguka kwa kasi ileile husukuma hewa pungufu kwa uzito. Baridi yetu ya asubuhi hufidia sehemu, lakini usinakili vipimo vya mtu wa pwani au wa Ulaya ukadhani mambo ni sawa. Angalia joto kwenye menyu kwanza.

Virusi vilivyoandika juu ya BIOS

ROM ya kwanza haikuweza kubadilishwa. Baadaye zikaja chipu za flashi, zinazoandikwa upya bila kufungua kasha. Zina faida kubwa, ila mlango uliokuwa umefungwa ukawa wazi. Mwaka 1998 mwanafunzi wa Taiwan, Chen Ing-hau, aliandika virusi vya CIH. Tarehe 26 Aprili 1999 vililipuka: vilifuta mwanzo wa diski na, kwenye baadhi ya madabodi, vikaandika takataka juu ya BIOS. Mashine iliyopigwa hivyo haikuonyesha hata herufi moja. Tangu hapo watengenezaji wakaanza kuweka kinga, na kinga hizo ndizo zilizotufikisha tulipo leo.

Nani mwenye funguo?

Intel walianza kutafuta mrithi wa BIOS walipokuwa wakitengeneza prosesa ya Itanium. Kazi hiyo ikawa EFI, na mwaka 2005 likaundwa jukwaa la makampuni likaiita UEFI. Hii si kilobaiti 8 tena. Ni karibu mfumo endeshi mdogo. Mwaka 2012, Windows 8 ilipotoka, ikaja na Secure Boot: mashine hukataa kuwasha mfumo usiokuwa na sahihi ya kidijitali inayoaminika. Kwa virusi vinavyojipenyeza mashine inapowaka ni kinga nzuri. Lakini sahihi inayoaminika kwenye karibu kompyuta zote ni ya Microsoft, na hata Linux nyingi huanza kwa kipande kidogo kilichotiwa sahihi na Microsoft. Vyeti vya kwanza, vya mwaka 2011, vilipangwa kuanza kuisha muda Juni 2026, na vipya hufika kwa njia ya masasisho. Mashine ambayo mtengenezaji wake ameitupa itapata wapi?

Hapa ndipo historia inapotugusa mfukoni. Windows 11 ya 2021 ilidai Secure Boot, chipu ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha 8 kwenda juu isipokuwa chache sana. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma 14 Oktoba 2025. Ofisi za Ulaya zinapotupa mashine za kizazi cha 4 na cha 6, zinakuja kwetu. Baadhi ya wauzaji watakwambia mashine ni nzima. Ni nzima kweli, lakini uzima wake sasa unategemea kama unaweza kuingia kwenye ile menyu.

Kwa hiyo, kabla hujatoa pesa:

Kwanza, washa na uingie kwenye mipangilio mbele ya muuzaji. Ikiomba nenosiri asilolijua, acha mashine hapo. Zamani uliondoa betri na nenosiri likafutika pamoja na zile baiti 64. Kwenye laputopu nyingi za kazini nenosiri hukaa kwenye chipu isiyohitaji betri, na kuiondoa hakusaidii.

Pili, angalia saa baada ya kuizima ukutani kwa dakika chache. Ikirudi nyuma, punguza bei kwa betri moja.

Tatu, tafuta mpangilio wa stima ikirudi, mara nyingi umeandikwa AC Power Loss. Ikiwa mashine ni seva ya duka au ya shule, iwekwe iwake yenyewe. Ikiwa stima ya mtaa wako hurudi kwa kupepesa, afadhali ibaki imezimwa mpaka itulie.

Nne, kama wewe ni mwandishi wa programu, washa msaada wa mashine pepe. Intel waliuleta mwaka 2005, na kompyuta nyingi za ofisini huja ukiwa umezimwa. Bila huo, simu pepe ya Android itatambaa.

Tano, kama prosesa haikubaliki kwa Windows 11, usiitupe. Hakikisha menyu inakuruhusu kuwasha kutoka kwenye flashi, kisha weka Linux. Mashine ya mwaka 2013 yenye diski ya SSD bado inamfaa mwanafunzi.

Menyu hizo nimeziona kwa Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani na Kichina. Kwa Kiswahili sijawahi. Lakini mwaka 2004 wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitafsiri OpenOffice ikawa Jambo, na coreboot, BIOS huria iliyoanzia Los Alamos mwaka 1999, msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Mlango haujafungwa kabisa, ila unapungua upana kila mwaka. Anayejua kilichomo ndani atapita. Asiyejua ataambiwa anunue mashine nyingine.

Haya, nimesema mengi. Kesho ukiwasha kompyuta yako, bonyeza Del. Tazama tu, usibadilishe kitu, kisha utoke bila kuhifadhi. Kutazama hakuui mashine.

Alamsiki.